Kupima mbari za mnyauko wa dengu: mimea, PCR, mikrosatelaiti au jenomu nzima?

Mkulima wa Shinyanga au Simiyu anayepanda dengu kwenye udongo mweusi wa mbuga mvua zikielekea ukingoni haulizi mbari ya kuvu. Anachokiona ni mistari iliyokuwa ya kijani mwanzoni mwa juma, na kufika mwisho wa juma majani yamelegea na matawi yamelala. Anayemchagulia mbegu ndiye anayepaswa kuuliza, kwa sababu kuvu ya mnyauko, Fusarium oxysporum f. sp. ciceris, haina tabia moja. Mbegu inayosimama imara mbele ya mbari moja huanguka mbele ya nyingine, na kuvu hiyo ikishaingia shambani inaweza kukaa udongoni hadi miaka 6 hata pasipooteshwa dengu. Ukichagua kipimo kisichofaa, anayelipa ni mkulima, tena kwa misimu mingi.

Dengu tunazozisema hapa ni Cicer arietinum, zile za Kanda ya Ziwa zinazosafirishwa India, wala si choroko ambazo Kenya huitwa ndengu.

Mbari 8 ndizo zinazotambuliwa kwa kawaida: 0, 1A, 1B/C, 2, 3, 4, 5 na 6. Mbari 1 (ambayo sasa ni 1A), 2, 3 na 4 zilielezwa mwaka 1982 na Haware na Nene wa ICRISAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mazao ya nchi kame, Patancheru, India, kwa kutumia mbegu 10 za dengu. Mbari 0 na 5 zilielezwa baadaye kutoka Hispania, na mbari 6 ikahusishwa na California. Mbari 0 na 1B/C huleta umanjano: majani hugeuka rangi polepole kuanzia chini, na mmea hufa kwa kuchelewa, kama siku 40 baada ya kuambukizwa. Sita zilizobaki huleta mnyauko wenyewe, na mmea wa mbegu dhaifu huweza kufa ndani ya siku 20. Mbari 2, 3 na 4 zinahusishwa zaidi na India. Mbari 0, 1B/C, 5 na 6 zinahusishwa zaidi na nchi za Mediterania na California, na 1A inapatikana pande zote mbili. Mgawanyo huu una uzito mkubwa kwenye uchaguzi wa kipimo, kama tutakavyoona kwenye PCR, njia ya kuzidisha kipande cha DNA ili kionekane.

Kwanza hakikisha ni mnyauko

Kipimo chochote, kiwe cha bei gani, hakina maana kama sampuli ni ya ugonjwa mwingine. Ng'oa mmea mzima ulioanza kulegea, usichukue uliokwisha kukauka. Pasua shina kwa wembe kwa urefu, kuanzia kwenye shingo ya mmea kwenda juu na chini. Mnyauko wa Fusarium huacha mstari wa kahawia iliyokolea au mweusi katikati, kwenye mirija ya maji, huku ganda la nje na mizizi vikionekana vizima. Mzizi mkuu ukiwa mkavu, unakatika kama kijiti na umepoteza mizizi midogo yote, huo ni uozo mkavu wa mizizi unaoletwa na Macrophomina phaseolina, ambao hupenda joto la zaidi ya nyuzi 30 na ukame wa mwisho wa msimu. Ukikuta utando mweupe shingoni na vipunje kama mbegu za haradali, hiyo ni Athelia rolfsii. Katika shamba moja unaweza kukuta yote matatu.

Weka mashina kwenye mfuko wa karatasi. Kwenye plastiki yanatoa jasho, bakteria wanayavamia, na siku ya tatu huna tena cha kutenga.

Maabara, kata vipande vya milimita 5 vya sehemu iliyobadilika rangi, vitumbukize kwenye hipokloraiti ya sodiamu ya asilimia 1 kwa dakika 1 hadi 2, visuuze mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, vikaushe kwenye karatasi ya chujio, kisha viweke kwenye agari ya PDA (ya viazi na sukari) yenye streptomaisini. Baada ya siku 5 hadi 7 kwenye nyuzi 25 utaona utando mweupe unaoelekea waridi au zambarau. Usiishie hapo. Kuza upya kutoka spora moja, kwa sababu shina moja linaweza kubeba kuvu zaidi ya moja, na isoleti, yaani kuvu iliyotengwa kutoka sampuli moja, ikichanganyika hutoa majibu yanayobadilika kila ukirudia jaribio.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba mizizi ya dengu imejaa Fusarium oxysporum isiyodhuru chochote. Kwa darubini haitofautiani na ile inayoua. Yupo pia Fusarium redolens, ambaye huleta umanjano unaofanana na wa mbari 0 na kwa miaka mingi alichukuliwa kuwa oxysporum. Mfuatano wa jini la TEF1 unamtenga redolens vizuri. Usitegemee ukutajie mbari, maana jini hilo ni lilelile katika mbari zote za kuvu ya dengu.

Mimea ya kupambanulia

Hii ndiyo njia ya asili na ndiyo inayotoa maana ya neno mbari. Isoleti moja huwekwa kwenye kundi la mbegu zinazojulikana, na jina la mbari hutokana na zipi zimekufa na zipi zimepona. JG-62 hufa mbele ya mbari zote isipokuwa 0. P-2245 hufa mbele ya zote, kwa hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba maambukizi yamekubali. JG-62 ikipona huku P-2245 imekufa, unaangalia mbari 0. Zikipona zote mbili, ama isoleti yako haina makali ama ulikosea kuambukiza.

Kuambukiza kuna njia mbili. Ya mchanga na unga wa mahindi ni rahisi kwa kituo chenye vifaa vichache: gramu 90 za mchanga, gramu 10 za unga wa mahindi na mililita 20 za maji kwenye chupa, vitakaswe kwa mvuke wa shinikizo, vipandikizwe vipande vya agari yenye kuvu na viachwe kwenye nyuzi 25 kwa wiki mbili hivi, huku ukitikisa chupa kila baada ya siku chache ili unga usigande. Kisha changanya gramu 50 hadi 100 kwa kila kilo ya udongo uliotakaswa. Udhaifu wake ni kwamba hujui idadi ya spora, na chupa mbili hazilingani.

Ya pili ni kuchovya mizizi. Kuza kuvu kwenye mchuzi wa viazi na sukari unaotikiswa kwa siku 7, chuja kwa kitambaa, hesabu spora, punguza hadi 1,000,000 kwa mililita. Kwenye kioo cha kuhesabia cha Neubauer, idadi hiyo ni spora 100 hivi katika mraba mkubwa wa kati. Ukihesabu 800, chukua mililita 125 na ujazie maji hadi lita 1. Ng'oa miche ya siku 8 hadi 10, osha mizizi, punguza ncha kwa mkasi, ichovye dakika chache, ipandikize. Miche ya kudhibiti ikatwe mizizi vilevile na kuchovywa kwenye maji matupu, la sivyo hutajua kama umanjano wa siku ya tano unatokana na kuvu au na mkasi.

Alama hutolewa kwa kipimo cha 0 hadi 4: 0 hakuna dalili, 1 ni majani hadi asilimia 33 yameathirika, 2 hadi asilimia 66, 3 zaidi ya hapo, 4 mmea umekufa. Kwa mbegu nzima, vifo vya asilimia 0 hadi 20 huhesabiwa ukinzani, 21 hadi 50 hali ya kati, zaidi ya 50 udhaifu.

Hapo kwenye alama ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na sababu ni mbili.

Ya kwanza ni muda. Ukinzani dhidi ya mbari 1 unaongozwa na majini matatu, na lolote kati yake likiwa peke yake huchelewesha mnyauko tu. Yanahitajika mawili pamoja ili mmea usimame kabisa. C-104 ni mfano wa mbegu inayochelewa. Ukitoa alama siku ya 25 pekee, utaiandika kuwa sugu. Toa alama kila wiki hadi siku ya 60, na hifadhi jedwali lote, kwa sababu mwendo wa vifo una habari kuliko namba ya mwisho.

Ya pili ni joto. Watafiti wa Córdoba, Hispania, walionyesha mwaka 2006 kwamba mbegu ya Ayala ilikuwa na ukinzani wa kati dhidi ya mbari 1A pale joto lilipokuwa nyuzi 24 mchana na 21 usiku, lakini kwenye 27 na 25 ikawa dhaifu sana. Nyuzi 3 zimegeuza jibu. Kibanda cha plastiki kisicho na udhibiti wa joto, Mwanza au popote, hupita hapo kila siku saa sita mchana. Anayetangaza mbari mpya bila kurekodi joto la kibanda chake anatangaza hali ya hewa.

Gharama sasa. Mbegu 10, marudio 3, miche 5 kwa chungu: miche 150 kwa isoleti moja. Isoleti 20 ni miche 3,000, ukiacha ya kudhibiti, kwa miezi miwili, na kila isoleti ikae trei yake ili maji ya kumwagilia yasirushe spora upande wa pili. Mbegu zenyewe lazima ziwe safi. Mfuko wa JG-62 uliochanganyika na mbegu ya sokoni huleta mimea miwili mitatu inayopona bila sababu, na kuna kazi zilizochapishwa zinazonuka kosa hilo.

PCR ya alama za mbari

Mwaka 2003 Jiménez-Gasco na Jiménez-Díaz walitoa praima, yaani vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha PCR, zinazotambua kuvu ya dengu kwa ujumla, na nyingine za mbari 0, 1A, 5 na 6. Kwa maabara yenye mashine ya PCR na jeli, jibu linapatikana siku moja baada ya kupata DNA, badala ya siku 60. Kwa ukaguzi wa mbegu mpakani hakuna njia ya mimea inayoweza kushindana nayo kwa kasi.

Tazama tena orodha: 0, 1A, 5, 6. Ni mbari za Mediterania. Seti hiyo haina praima za mbari 2, 3 na 4, na hizo ndizo za India, nchi ambayo ukanda wetu una biashara nayo kubwa ya dengu. Kwa hiyo isoleti ya Kanda ya Ziwa isipotoa mstari kwenye jeli, haijathibitisha kwamba haina mbari. Imethibitisha kwamba haina vipande hivyo vinne vya DNA. Na hata mstari ukitokea, kumbuka kwamba vipande hivyo vilichaguliwa kwa sababu viliambatana na mbari katika mkusanyo wa isoleti zilizopimwa, si kwa sababu ndivyo vinavyoua dengu. Katika ukoo mwingine wa kuvu uhusiano huo unaweza kukatika.

Kila jeli iwe na DNA ya mbari inayojulikana, maji matupu, na PCR ya ITS (kipande cha DNA kilichomo katika kuvu zote) kwa kila sampuli ili ujue kwamba DNA yenyewe ni nzima. Bila hiyo ya tatu, DNA iliyooza na kuvu isiyo na mbari huonekana sawa: nafasi tupu kwenye jeli.

Matumizi mazuri ya PCR kwetu ni kuchuja. Pima isoleti 60 kwa praima ya kuvu ya dengu, tupa zile Fusarium zisizodhuru, kisha peleka 15 kwenye mimea. Hapo inakuokolea maelfu ya miche.

Mikrosatelaiti na jenomu

Mikrosatelaiti, yaani SSR, ni vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya isoleti. Hujibu swali jingine kabisa: kuvu za wilaya hii zina undugu gani na za wilaya ile? Je, zilitoka chanzo kimoja? Kwa kuvu ya dengu majibu yamekuwa ya kushangaza kwa uchache wa tofauti. Kazi ya kikundi cha Jiménez-Gasco imeonyesha kwamba mbari zote zina asili moja, zinaongezeka kwa kloni bila kujamiiana, na zimezaliana hatua kwa hatua, mbari 0 ikiwa karibu na mwanzo. Tofauti ya mbari na mbari inaweza kuwa badiliko dogo mno lisilogusa alama ulizochagua.

Ndiyo maana tunasisitiza, na tungependa kila mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti alisikie: mti wa undugu uliochorwa kwa SSR si ramani ya mbari. Isoleti mbili zinaweza kukaa tawi moja, moja ikaua mbegu ambayo nyingine haiigusi. Ukitumia mti huo kuamua wapi pagawiwe mbegu gani, umetumia kipimo cha ukoo kujibu swali la makali.

Kusoma jenomu nzima, yaani DNA yote ya kuvu, kunakaribia zaidi kiini cha jambo, kwa sababu katika F. oxysporum ya nyanya ilionyeshwa mwaka 2010 kwamba uwezo wa kuambukiza ulibebwa na kromosomu za ziada, na kwamba kromosomu hizo zinaweza kuhama kutoka isoleti moja kwenda nyingine na kuifanya isiyodhuru ianze kudhuru. Sehemu hizo zimejaa marudio, kwa hiyo usomaji wa vipande vifupi pekee huziacha vipandevipande. Zinahitaji vipande virefu. Pia zinahitaji mtu wa kuchambua data kwa miezi, si wiki. Kama huna mtu huyo, fedha hiyo ipeleke kwenye mimea.

Shamba gonjwa

Njia hii haikutajwa kwenye kichwa cha habari, nasi tunaiweka juu ya zote kwa anayetafuta mbegu ya kugawa. Tenga kipande cha ardhi kituoni, panda JG-62 msimu baada ya msimu, lima mabaki yake yaliyougua yarudi udongoni, mpaka vifo vya JG-62 vizidi asilimia 90 kila kona. Baada ya hapo panda mbegu za kupimwa, na kila baada ya mistari miwili hadi minne weka mstari wa JG-62. Mahali JG-62 ilipopona, matokeo ya mistari jirani yasihesabiwe, kwa sababu ugonjwa haukufika hapo.

Shamba hili halikuambii mbari gani ipo. Linakuambia mbegu gani inasimama mbele ya kuvu za mahali hapo, kwenye udongo wake na joto lake. Ukiwa na mashamba matatu ya namna hii katika wilaya tofauti, na mbegu moja, tuseme Ukiriguru 1, ikasimama mawili na kulala la tatu, hapo ndipo una sababu ya kweli ya kupeleka isoleti za shamba la tatu kwenye mimea ya kupambanulia.

Onyo moja, na tunalisema kwa uzito wote: usiagize isoleti za mbari za nje ili ukamilishe majaribio yako. Chungu kimoja kikimwagwa nyuma ya kibanda kinaweza kuleta mbari ambayo eneo lako halikuwa nayo. Tuma mbegu zako zikapimwe huko mbari hizo ziliko, au omba DNA tu.

Kama ugonjwa wako ni baka la Askokaita

Uchaguzi hugeuka. Ascochyta rabiei hupenda ubaridi na unyevu, nyuzi 20 hivi, na huacha mabaka yenye miviringo ya vidoti vyeusi kwenye majani, mashina na maganda. Hii hujamiiana pale aina zake mbili za uzazi, MAT1-1 na MAT1-2, zinapokutana, na hivyo huchanganya majini yake kwenye mabaki ya mazao. Kwake PCR ya MAT ndiyo ya kwanza, kwa kuwa ni rahisi na inakuambia kama mchanganyiko huo unawezekana eneo lako. Australia kwa muda mrefu ilikuwa na karibu aina moja tu, na bado makali ya kuvu yaliongezeka dhidi ya mbegu zilizokuwa na ukinzani, kwa hiyo kukosa aina ya pili si dhamana. SSR zina faida zaidi hapa kuliko kwenye mnyauko kwa sababu tofauti za kupima zipo. Mipaka ya makundi ya makali, kutoka I hadi IV, ni ya viwango zaidi kuliko ya ndiyo na hapana, hivyo mtoa alama awe mtu mmoja kwa jaribio zima.

Fedha kidogo uanzie wapi

Kwa kituo chenye kibanda, jiko la mvuke na wafanyakazi wawili: shamba gonjwa na kundi dogo la mimea, JG-62, P-2245, C-104, WR-315 na mbegu zako za hapa. Ukiwa na PCR, iweke mlangoni kama kichujio. Mikrosatelaiti zifuate pale una isoleti 50 au zaidi zenye mahali na tarehe ya kukusanywa, na jenomu ije mwisho kwa isoleti chache ambazo mimea imekwisha kuonyesha kwamba zinatofautiana.

Lolote utakaloanza nalo, hifadhi isoleti siku ileile uliyoitakasa. Kuvu hii ikihamishwa agari hadi agari hupoteza makali, na baada ya mwaka mmoja unaweza kuwa unapima kivuli cha ulichokusanya. Iache iote juu ya vipande vya karatasi ya chujio vilivyotakaswa, ikauke, itie kwenye bahasha ndogo na uiweke kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Andika kijiji, tarehe, mbegu iliyokuwa shambani na zao lililotangulia, kwa penseli, maana wino hufutika bahasha ikitoa unyevu.